Aina Mpya ya Data: Inavyoundwa kwa Kompaila na kwa Intapreta

Saa mbili asubuhi kwa Mswahili ni 8:00 kwa kompyuta. Programu ya kupanga safari za mabasi ikihifadhi nyakati zote kama namba tupu, hakuna kitakachoizuia kuchukua 2 ya abiria na kuilinganisha na 8 ya mashine, kisha ikaamua kwamba abiria amewahi kwa saa sita. Prosesa haitalalamika, kwa kuwa yenyewe inaona namba mbili tu. Dawa ni kuiarifu lugha ya programu kwamba kuna kitu kiitwacho SaaYaKiswahili, ambacho kina namba ndani yake lakini chenyewe si namba, na kwamba hakilinganishwi na saa ya mashine mpaka kibadilishwe kwanza. Kufanya hivyo ni kuunda aina mpya ya data.

Aina ni ahadi yenye pande mbili. Upande mmoja ni wa umbo: data hii inakaa katika baiti ngapi, na biti zake zimepangwaje. Upande wa pili ni wa matumizi: ni vitendo gani vinaruhusiwa juu yake. Kila lugha huja na aina zake za kuzaliwa nazo, kama vile namba kamili, namba ya desimali na herufi, na lugha nyingi za leo humruhusu mwandishi wa programu kuongeza za kwake. Tofauti inaanzia hapo. Katika mazingira ya kompaila, ahadi hiyo huandikiwa kompaila, ambayo huisoma programu ikiwa bado maandishi, huitumia kupanga kazi, kisha huitupa karibu yote. Katika mazingira ya intapreta, kuunda aina ni tendo linalofanyika programu ikiwa inaendeshwa, na tendo hilo huacha kitu halisi ndani ya kumbukumbu. Tofauti nyingine karibu zote, za kasi, za ukubwa wa kumbukumbu na za wakati makosa yanapoonekana, zinafuata kutoka hapo.

Nimesema mazingira, sikusema lugha, na kwa makusudi. BASIC ya John Kemeny na Thomas Kurtz, iliyoanza kutumika Chuo cha Dartmouth huko Marekani mwaka 1964, ilikuwa ikikompailiwa. BASIC ya kompyuta ndogo ya Altair, mwaka 1975, ilikuwa ya intapreta. Nayo C++, ambayo wengi huitaja kama mfano halisi wa lugha ya kompaila, huendeshwa mstari kwa mstari na wanafizikia wa CERN karibu na Geneva kwa chombo kiitwacho Cling. Anayesema lugha fulani "ni ya kompaila" anaeleza mazoea, na mazoea hubadilika.

Kompyuta za mwanzo hazikumpa mtu nafasi ya kuongeza aina yoyote. FORTRAN ilipotolewa mwaka 1957 kwa mashine ya IBM 704, ilijua namba kamili na namba ya desimali, na aina ya kigeu ilitambuliwa kwa herufi ya kwanza ya jina lake: I hadi N ni namba kamili, nyingine zote ni desimali. Watumiaji wa FORTRAN walisubiri hadi toleo la Fortran 90 ndipo wakapewa njia ya kutunga aina zao. Kwingineko mambo yalikwenda haraka zaidi. Mwaka 1965 Tony Hoare alipendekeza rekodi, yaani kifurushi cha data chenye nyuga zilizopewa majina. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Oslo wakaleta klasi, yaani aina inayobeba data pamoja na vitendo vyake, katika Simula 67. Kisha Niklaus Wirth, katika Pascal ya mwaka 1970, akaifanya kazi yote iwe nyepesi kwa neno moja, type:

type
  Kipindi = (Alfajiri, Asubuhi, Mchana, Jioni, Usiku);
  SaaYaKiswahili = 1..12;

Mistari hii inasomeka karibu kama sentensi. Kipindi cha siku ni kimoja kati ya majina matano na si kingine. Saa ya Kiswahili haishuki chini ya 1 wala haizidi 12. Mtu akiandika moja kwa moja kwamba kigeu cha aina hiyo kipewe 13, kompaila hukataa. Namba ikitoka nje, tuseme kwenye kibodi, kompaila haiwezi kuijua mapema, kwa hiyo hupandikiza ukaguzi ndani ya programu yenyewe, ikiwa mwandishi ameruhusu ukaguzi huo.

Kinachotokea chini ya pazia kinaonekana wazi zaidi katika C. Neno lake la kuunda aina, struct, lina historia inayoonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1972 Ken Thompson wa Bell Labs alijaribu kuandika upya mfumo wa Unix kwa C changa, ambayo haikuwa na struct, akakata tamaa. Dennis Ritchie alipoiongezea lugha hiyo struct zenye nguvu ya kutosha, kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa C katika kiangazi cha 1973. Mfumo endeshi umejaa majedwali ya faili, ya programu zinazoendeshwa na ya vifaa. Kuyashughulikia majedwali hayo bila aina za kuyapa umbo ni kuhesabu baiti kwa vidole.

Tuchukue struct yenye nyuga tatu kwa mpangilio huu: kipindi cha herufi moja, sekunde za desimali za aina ya double, na saa ya herufi moja. Ukijumlisha baiti zake unapata 1 na 8 na 1, yaani 10. Lakini kwenye kompyuta za kawaida za biti 64, kompaila huipa struct hiyo baiti 24. Sababu ni kwamba double inatakiwa ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, kwa hiyo baada ya kipindi huachwa baiti 7 tupu, na baada ya saa huachwa nyingine 7 ili struct inayofuata kwenye safu nayo ianze mahali panapofaa. Ukihamisha sekunde ziwe za kwanza, struct ileile inashuka hadi baiti 16. Data ni ileile na maana ni ileile, ila kwenye safu ya rekodi milioni moja umeokoa baiti milioni nane kwa kupanga upya mistari mitatu. Kompaila ya C haikupangii, maana kanuni za lugha zinaitaka ifuate mpangilio ulioandika wewe.

Kompaila ikishaamua mpangilio, majina hayana kazi tena. Ikiwa m ni kigeu cha struct hiyo, mahali ulipoandika m.saa panabaki agizo la kusoma baiti iliyo hatua kadhaa kutoka mwanzo wa m. Hakuna neno "saa" ndani ya programu iliyokamilika, wala hakuna jina la struct, isipokuwa umeomba taarifa za kutafutia hitilafu ziachwe humo. Ndiyo maana programu ya C huwa nyepesi hivyo, na ndiyo maana pia haiwezi kujibu swali dogo kama "hiki ni kitu cha aina gani?" Ukiipa anwani ya saa na kuiambia kwa nguvu kwamba hapo pana mshahara, itasoma mshahara.

Jambo moja huwachanganya wanaoanza C: neno typedef haliundi aina yoyote mpya, huipa aina ya zamani jina la pili. Saa ya Kiswahili na saa ya mashine zikitangazwa zote kwa typedef ya int, C itazilinganisha bila kinyongo. Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ilichukua njia nyingine. Ukiandika type SaaYaKiswahili int umepata aina kamili, na kuichanganya na int bila kuibadilisha ni kosa linaloizuia programu isikompailiwe. Haskell nayo ina newtype, ambayo kompaila huikagua kwa ukali kisha huifuta kabisa, kiasi kwamba kifungashio hicho hakigharimu hata baiti moja. Kwangu hiyo ndiyo sura safi kuliko zote ya aina ya kompaila, kwa sababu ni sheria inayotekelezwa kabla ya safari na haibebwi njiani.

Upande wa intapreta mambo yanaanza na Lisp ya John McCarthy, iliyobuniwa MIT mwaka 1958, ambamo kila thamani hujitambulisha yenyewe. Kigeu hakina aina. Kilichomo ndani yake ndicho chenye aina. Smalltalk ya Xerox PARC, katika miaka ya 1970, ilikwenda mbali zaidi kwa kuifanya klasi yenyewe kuwa kitu kama vitu vingine, kinachotumiwa ujumbe na kuujibu. Kuunda klasi mpya katika Smalltalk ni kumtumia mzazi wake ujumbe wa kuomba mtoto.

Python, ambayo Guido van Rossum alianza kuiandika Amsterdam mwishoni mwa 1989, ndiyo mahali ambapo wengi hukutana na jambo hili leo, mara nyingi bila kulitambua. Neno class katika Python linafanana kwa sura na struct ya C, lakini intapreta hulitekeleza kama inavyotekeleza amri nyingine yoyote. Inapolifikia, hufungua daftari tupu la majina, huendesha mistari iliyo ndani ya class mmoja baada ya mwingine, kisha hukabidhi jina, wazazi na daftari hilo kwa type, nayo type hurudisha kitu kipya ambacho ndicho klasi. Kwa hiyo unaweza kuweka if ndani ya class ili klasi iwe na mbinu hizi kwenye Windows na zile kwenye Linux. Unaweza kuweka class ndani ya funksheni, na kila funksheni inapoitwa inazaliwa klasi nyingine. Unaweza hata kuacha kabisa kuandika class, ukaita type moja kwa moja na kuipa vitu vitatu hivyo. Chombo maarufu cha namedtuple, kinachotengeneza klasi ndogo za kubeba nyuga, kwa miaka mingi kilifanya kazi kwa kuandika maandishi ya klasi nzima ndani ya kumbukumbu na kuyaendesha papo hapo. Ni ujanja ambao mwandishi wa C hawezi kuuota bila kubeba kompaila mgongoni.

Uhuru huo una bei. Katika CPython, intapreta ya kawaida ya Python, ya biti 64, kila kitu hutanguliwa na baiti 16: nane za kuhesabu ni wangapi wanaokitumia, nane za kielekezi kinachoonyesha aina yake. Ndiyo maana namba moja ya desimali huchukua baiti 24, sawasawa na struct nzima tuliyoipanga vibaya hapo juu. Kisha m.saa si hatua ya kuhesabiwa mapema. Ni utafutaji wa jina katika daftari la kitu chenyewe, na likikosekana, katika klasi yake na kwa wazazi wake. Wenye rekodi nyingi hukimbilia maktaba ya NumPy, ambamo maelezo ya aina hukaa kama kitu kimoja cha Python na rekodi zenyewe hupangwa kama baiti tupu mfululizo. Rekodi yetu ya saa humo huchukua baiti 10 kamili, kwa kuwa NumPy haiachi nafasi tupu mpaka uiombe.

Kuna kipindi cha historia ya Python kinachostahili kukaliwa kidogo, kwa sababu dunia hizi mbili ziliishi chini ya paa moja bila kuelewana. Kabla ya toleo la 2.2, lililotoka Desemba 2001, klasi na aina vilikuwa vitu tofauti. Aina za kweli, kama list, dict na int, ziliandikwa kwa C na kukompailiwa. Klasi ziliandikwa kwa Python. Ukiunda klasi ya Saa na nyingine ya Mshahara, kisha ukauliza aina ya kitu cha kila moja, jibu lilikuwa lilelile kwa vyote: instance. Kurithi kutoka list haikuwezekana. Watu walitumia klasi za kuigiza zilizoitwa UserList na UserDict. Kwa maneno mengine, aliyetaka kuongeza aina halisi katika lugha ya intapreta alilazimika kuiacha lugha hiyo na kwenda kwa kompaila.

Njia hiyo ya kompaila bado ipo na bado inatumika. Mtu huandika kwa C struct kubwa iitwayo PyTypeObject na kuijaza: jina la aina, ukubwa wa kitu chake kwa baiti, funksheni ya kukiunda, ya kukifuta, ya kukionyesha kama maandishi, ya kukijumlisha na kingine. Nafasi asizozihitaji huziacha wazi. Kisha huita PyType_Ready, nayo intapreta hurithisha yaliyokosekana kutoka kwa mzazi na kuitambua aina hiyo sawa na zilizokuwemo tangu mwanzo. Ukiitazama struct hiyo unagundua aina ya Python ni nini hasa: jedwali la vielekezi vya funksheni. Toleo la 2.2 liliunganisha pande mbili kwa kuhakikisha kwamba class iliyoandikwa kwa Python nayo hutoa jedwali lilelile. Klasi za zamani ziliendelea kuwapo kwa ajili ya programu kuukuu mpaka Python 3.0, Desemba 2008. Mpaka wa kale hata hivyo bado unaonekana ukiugusa. Klasi yako unaweza kuibandika sifa mpya wakati wowote, lakini ukijaribu kuibandika int sifa yoyote, intapreta inakataa na kusema kwamba sifa za aina hiyo hazibadilishwi.

Makosa nayo hujitokeza kwa nyakati tofauti. Kompaila ya Go itakataa kulinganisha SaaYaKiswahili na int tupu hata kama mstari huo hautatumika kamwe. Intapreta ya Python, kwa alama ya < au >, itatoa TypeError siku mstari huo utakapofikiwa, na kama uko katika tawi la programu linalotumika mwisho wa mwaka tu, hiyo ndiyo siku yake. Tangu toleo la 3.5, mwaka 2015, Python ina njia rasmi ya kuandika aina pembeni ya majina, na vyombo kama mypy husoma maandishi hayo mapema na kulalamika kama kompaila. Intapreta yenyewe haiyajali. Humo kuna hata NewType, binamu wa newtype ya Haskell: kwa mkaguzi ni aina tofauti kabisa, kwa intapreta ni kitu kinachoitwa kama funksheni na kurudisha kilekile kilichopewa.

Mfano unaotajwa sana katika mijadala hii ni chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipoifikia Mars. Programu moja ya ardhini ilitoa vipimo vya msukumo kwa pauni-sekunde, nyingine ikavisoma kama nyutoni-sekunde, tofauti ya mara 4.45. Wapenzi wa kompaila husema aina mpya ingeokoa chombo kile. Naona wanaharakisha. Vipimo vilipita kutoka programu moja hadi nyingine kupitia faili, na faili ni mahali ambapo aina za pande zote mbili hukoma. Kompaila imeshazitupa, nayo intapreta huziacha nyuma kwenye kumbukumbu yake. Aina iliyohitajika pale ni ile inayosafiri pamoja na data.

Kati ya pande hizi kuna eneo kubwa la katikati, na programu nyingi za leo zinaishi humo. Java, ya mwaka 1995, hukompailiwa, lakini faili inayotokea hubaki na majina ya nyuga na aina zake, na klasi huzaliwa ndani ya mashine ya Java pale inapohitajika mara ya kwanza. Programu inaweza kuihoji. JavaScript, ambayo ilikuwapo miaka ishirini kabla ya kupewa neno class mwaka 2015, haikuwa na aina za kutunga hata kidogo, kulikuwa na vitu vinavyoiga vitu vingine. Hata hivyo injini yake ya V8 huzitunga aina hizo kisirisiri. Kwa wazo lililotoka katika lugha ya Self mwaka 1989, kila kitu kinapoongezewa sifa, injini huandika pembeni umbo lake, na vitu vyenye umbo moja husomwa kwa kuhesabu hatua, kama struct. Kitu kilichopewa saa kwanza na kipindi baadaye huhesabiwa kuwa na umbo tofauti na kilichopewa kipindi kwanza. Mpangilio wa mistari, uliokuwa na uzito katika C, umerudi kwa mlango wa nyuma.

Swali gumu kuliko yote huja baada ya aina kuzaliwa: itabadilishwaje wakati vitu vyake viko hai? Katika C++ ukiongeza uga mmoja kwenye klasi, kila sehemu ya programu inayoitumia lazima ikompailiwe upya, maana zote zilikariri ukubwa wa zamani. Ukisahau moja, itasoma baiti zisizo zake. Python inaruhusu kuipakia upya moduli bila kuizima programu, lakini vitu vilivyozaliwa kabla hubaki vikielekeza kwenye klasi ya zamani. Zinakuwapo klasi mbili zenye jina moja, na ukiuliza kama kitu cha jana ni cha aina ya leo, unaambiwa hapana. Julia, lugha ya mwaka 2012 inayokompaili kila kitu papo hapo, kwa miaka mingi ilikataa katakata kubadilisha struct iliyokwisha kutangazwa. Ulilazimika kuanza kikao upya.

Common Lisp ndiyo iliyolijibu swali hilo kikamilifu, na kiwango chake cha mwaka 1994 kinasema hivyo kwa maandishi. Ukitangaza klasi upya, vitu vyote vilivyopo hubadilishwa vifuate umbo jipya, kabla ya uga wowote wake kusomwa au kuandikwa tena. Mwandishi anaweza kuweka mbinu yake mwenyewe itakayopokea thamani za nyuga zilizofutwa na kuamua ziende wapi. Mazingira ya kompaila, yasipoweza kufanya hivyo ndani ya kumbukumbu, hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwenye mpaka wa faili na mtandao. Protocol Buffers ya Google, iliyotolewa kwa umma mwaka 2008, humtaka mwandishi aupe kila uga namba, na namba hiyo husafiri pamoja na data. Programu ya zamani ikikutana na namba isiyoijua huiruka. Uga ukifutwa, namba yake huwekwa akiba ili asitokee mtu wa kuupa uga mwingine, kwa kuwa huenda mahali fulani bado kuna faili inayoitumia kwa maana yake ya kwanza.